Aliyenisomea Maneno ya Baba Pale Shelui

Jumatano, tarehe tisa mwezi wa saba. Upepo umevuma tangu alfajiri, ule wa baridi wenye vumbi, na alizeti tuliyoanika uani imebidi tuifunike turubai na kupanga mawe juu yake. Jua limetoka, lakini ni la kuangalia tu. Nimekaa ndani na koti.

Vijana wangu wa kikundi cha maigizo hapa Kiomboi, mlikuja juzi mkaniomba niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi ya uigizaji, jukwaani na kwenye televisheni, mpaka nilipostaafu. Nilikubali haraka, na tangu hapo najuta kidogo. Shule niliishia darasa la nne. Wapo wenzangu waliocheza vizuri kuliko mimi, na wanakumbuka mambo kwa mpangilio. Mimi yananijia vipande vipande, la mwisho linatangulia, la kwanza linachelewa. Nikikosea si kwa kusudi. Na nikimsahau mtu aliyenisaidia, hilo ndilo litakaloniuma zaidi.

Mliniuliza hasa jambo moja: mzee, uliyakariri vipi maneno yote yale? Nitajibu, maana hilo ndilo lililotaka kuniondoa kwenye sehemu kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, pale Shelui. Lakini acheni nianze na viazi.

Siku yangu ya kwanza mbele ya kamera nilicheza mjomba mlafi. Wakaniletea sinia ya viazi vitamu vya kuchemsha. Mimi nimetoka jukwaani, na jukwaani unacheza mara moja, watu wanacheka, mnaondoka. Nikala kama mjomba mlafi anavyokula. Mwongozaji akafurahi, kisha akasema, vizuri sana mzee, sasa tunarudia, kamera ikae upande huu. Sinia nyingine ikaja. Tukarudia kwa sababu pikipiki ilipita. Tukarudia kwa sababu wingu lilifunika jua. Na kila tukirudia lazima nile vilevile nilivyokula mwanzo, la sivyo picha hazitaungana. Kufika mchana nilikuwa nimefungua mkanda, na bado naulizwa kama nina nguvu ya kurudia. Kwa haki niseme, yule binti wa kupaka poda alinionya mapema nile kidogo. Nilidhani ananifanyia uchoyo. Kwa hiyo mbele ya kamera mega kipande kidogo, tafuna sana, na ukiweza anza kuongea kabla hujameza.

Halafu sauti. Aliyetufundisha sauti ni Bi. Mwanaidi, kiongozi wa kikundi chetu pale Singida mjini. Tulicheza kwenye minada na viwanja vya shule, na maiki hatukuwa nayo. Yeye hakutufundisha kupiga kelele. Alikuwa anasema, “Mwone yule muuza maji kule nyuma kabisa. Ongea naye yeye. Hawa wa mbele watasikia tu.” Upepo wa kwetu mnaujua. Ukianza kuvuma usishindane nao. Kohoa, funga kiatu, mwangalie mwenzako kwa hasira. Upepo ukitulia ndipo useme neno lako. Watu walidhani ni ufundi, kumbe ni upepo. Nilipoingia kwenye televisheni nikaendelea kuongea na muuza maji. Fundi wa sauti alivua vile vidude vya masikioni, akaviweka mezani taratibu, akaniambia, “Shikamoo mzee. Mimi niko hapa karibu.”

Huko kwenye minada ndiko nilikozoeana na Hamisi, ambaye mtamsikia sana humu. Ni Mnyaturu wa Ikungi, mrefu, amemaliza kidato cha nne, na ana sauti ambayo hata akiomba chumvi unatamani aendelee. Mimi ni Mnyiramba, basi tangu siku ya kwanza hakuwahi kuniita jina. Mnyiramba sogea, Mnyiramba umenikanyaga. Nami nilimwita Mgeni, hata tukiwa kwao Ikungi.

Siku moja mimi nilikuwa hakimu, yeye mshitakiwa. Ndevu zangu zilikuwa za manyoya ya kondoo, zimebandikwa kwa uji mzito wa unga wa ngano. Gundi hiyo ni nzuri asubuhi. Saa saba mchana, jua kali, nikiwa katikati ya kutoa hukumu, ndevu zikaanza safari ya kwenda sikio la kushoto. Watu wote wakaacha kuniangalia mimi wakaziangalia zenyewe. Hamisi akainua mkono kwa adabu, akasema, “Mheshimiwa hakimu, mbona ndevu zinatoka mahakamani kabla ya hukumu?” Mchezo ukaishia hapo, maana hakuna aliyesikia kitu tena. Bi. Mwanaidi hakukasirika. Alituagiza tufanye hivyohivyo kila mahali tutakapokwenda. Nikawa nabandika ndevu vibaya kwa makusudi, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kuzibandika vizuri.

Sasa maneno. Jukwaani hatukuwa na karatasi. Bi. Mwanaidi alitupa kisa tu: wewe mlevi, wewe mke wake, mnagombania shamba, mwishoni mpatane kabla mvua haijanyesha. Mengine tulitoa vichwani. Televisheni ndiyo iliyoleta karatasi, hiyo mnayoiita skripti. Kusoma najua, lakini nasoma neno moja moja, na nikifika mwisho wa mstari mwanzo wake umeshanitoka.

Aliyeniokoa ni mke wangu, Mama Naomi. Yeye alimaliza la saba na anasoma bila kujikwaa. Ila hakuwa na muda wa kukaa chini anisomee kama mwalimu. Alinisomea akiwa na kazi, karatasi imeegemezwa kwenye kopo, yeye anapepeta mtama au anasonga ugali. Akiurusha ungo, ananyamaza. Akiona jiwe, ananyamaza zaidi. Sauti za wote alizisema yeye: baba, mtoto, mwenyekiti wa kijiji. Mimi nakaa kwenye kigoda nasikiliza. Mara ya pili tunasema pamoja, mara ya tatu yeye ananiachia. Maneno yaliniingia pamoja na kazi yake. Nikitaka kukumbuka mstari, nilikumbuka kwanza ungo ulikuwa umefika wapi.

Huko kazini wakaanza kunisifia kunyamaza kwangu. Mwongozaji mmoja aliwaambia wageni wake kwamba mzee huyu anajua kuacha neno likae. Nikamwambia ukweli, kwamba pale mke wangu alikuwa anageuza ugali. Wakacheka, wakasema mzee ana utani. Nilisema tena kila nilipoulizwa. Sikuaminiwa, lakini nilisema.

Basi ikaja tamthilia iliyorekodiwa Shelui, na mimi nikapewa baba. Baba huyo ana binti aliyetaka kuwa dereva wa malori. Alimkataza, binti akaondoka. Miaka imepita, sasa binti anarudi akiendesha lori, analiegesha pale Shelui yanapopumzika malori, na baba anatoka nyumbani kwenda kumwona. Ana maneno marefu ya kumwambia. Anatakiwa amwombe msamaha bila neno msamaha kumtoka mdomoni. Hamisi naye aliitaka sehemu hiyo. Tulijaribiwa wote wawili, na sijui hadi leo kwa nini nilichaguliwa mimi. Yeye alipewa jirani anayesimama nyuma na baiskeli. Akaishika ile baiskeli bila kununa.

Siku moja kabla ya kipande hicho, mtunzi akabadilisha maneno yote ya baba. Karatasi mpya zikanifikia nyumbani mchana, na nyumbani hakukuwa na mtu. Mama Naomi alikuwa Nduguti, binti yetu Naomi amejifungua, na bibi anakaa huko mpaka mambo yatulie. Nikampigia simu. Akasema nimsomee mimi, labda yeye atanirudishia. Nikaanza. Baada ya mistari miwili akaniuliza, “Baba Naomi, unasoma au unatafuta sindano?” Kisha mtoto akalia, akakata simu.

Nikaenda kwa jirani yetu Yoeli, mwinjilisti mstaafu. Mtu mwema, aliacha kazi zake akanisomea mpaka jua likaelekea kuzama. Alisoma vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba alisoma amesimama.

Kesho yake, Shelui, Subira akashuka kwenye lori. Huyo ndiye aliyecheza binti. Nikafungua kinywa. Maneno yote yalikuwepo, hakuna hata moja lililopotea, ila yalitoka na mkono wangu umeinuliwa juu. Tukarudia. Mkono ukainuka tena. Mwongozaji alikuwa Dada Upendo, mtu wa Dar es Salaam, mwenye heshima nyingi na usingizi kidogo. Akanisogelea, akaniamkia upya kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana.

“Mzee wangu,” akasema, “Subira amesema amina.”

Sikuweza kubisha. Mimi mwenyewe nilimsikia.

Kisha akaniambia jambo ambalo alikuwa na haki ya kuniambia. Lori lile lilikuwa la kuazima, na jioni mwenyewe analiondoa. Tutajaribu tena baada ya chakula cha mchana. Kama bado nitakuwa nahubiri, tutabadilishana: Hamisi atakuwa baba, mimi nitashika baiskeli. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza. Kushika baiskeli si aibu, hilo najua. Lakini nilikuwa nimecheza walevi na wajomba walafi muda wangu wote, na huyu baba alikuwa mtu wa kwanza niliyepewa ambaye watu hawatamcheka. Nawaambia wazi, nilimtaka sana.

Hamisi alikuwa ameshayakariri maneno yale. Nilimwona asubuhi midomo ikicheza nyuma ya baiskeli. Na nani mwingine pale angenisomea? Vijana wa kamera wanasoma kama watu wanaofukuzwa. Nikamfuata. Alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha kibanda cha mama mmoja anayeuza vitunguu kando ya barabara.

“Nisomee,” nikamwambia.

“Mnyiramba, una akili timamu? Nikisoma vibaya nacheza mimi.”

“Ndiyo maana nakuomba usome vizuri.”

Akanisogezea nafasi kivulini. “Mkeo hukusomeaje?”

Nikamweleza habari ya ungo. Akasema ugali yeye hasongi pale, watu wa Shelui wanamfahamu. Lakini akaongea na yule mama, na yule mama akatupa gunia la vitunguu tumchagulie, vizima huku, vilivyooza kule, akatuonya tusimchanganyie vibovu kwenye vizima kwa ajili ya sinema zetu. Hamisi akaweka karatasi chini, akaibana kwa vitunguu viwili, akaanza kusoma huku anachagua.

Hapo ndipo nilipopata shaka. Mistari ya mwanzo aliisoma vizuri. Tukafika pale baba anaposema, “Mlango sikuukomea. Kila jioni nilimwambia mama yako aurudishie tu.” Yoeli hapo alikuwa amepaza sauti mpaka kuku wakakimbia. Hamisi aliusoma mstari ule nusu anacheka, chinichini, kama mtu aliyekutwa amelala kazini. Akanyamaza, akatupa kitunguu kibovu, akaendelea. Nikawaza, huyu ananiharibia. Nani anacheka wakati anaomba msamaha? Nikamwambia asome tena. Akasoma vilevile, na kicheko kilekile. Nikamwangalia usoni nione kama kuna ujanja. Macho yalikuwa yamejaa machozi, lakini tulikuwa na vitunguu, kwa hiyo hayo hayakuniambia kitu.

Ningeweza kuyachukua maneno na kukiacha kicheko. Nililiwaza hilo tukila wali, nikaliwaza wakinipaka poda. Kilichonisaidia kuamua ni mafungu ya vitunguu. Yule mama alipokuja kuyakagua, kwenye fungu langu alitoa vibovu vingi tu, akaniangalia vibaya. La Hamisi halikuwa na hata kimoja. Mtu aliyekusudia kuharibu kazi ya mwenzake, nikajiambia, hawezi kuwa makini hivyo na vitunguu vya mtu asiyemjua. Huenda hoja yenyewe ni dhaifu. Ndiyo niliyokuwa nayo.

Subira akashuka kwenye lori. Nikaanza. Mkono safari hii ulibaki chini, ulikuwa unatafuta kitunguu. Nikafika kwenye mstari wa mlango. Nikacheka kidogo, kama Hamisi. Subira hakutegemea, naye akacheka, halafu kicheko chake kikakatika katikati, akageuka akashika gurudumu la lori. Hilo halikuwepo kwenye karatasi. Nikanyamaza kwa muda wa kutupa kitunguu kimoja, nikaendelea mpaka mwisho. Upepo ulivuma na hakuna aliyesema turudie. Dada Upendo alikuwa amekaa tu. Baadaye akasema, “Imepita,” kama mtu aliyesahau kwamba kusema hivyo ni kazi yake.

Mkipata picha zile mwangalieni jirani mwenye baiskeli kule nyuma. Hana neno hata moja. Alinisomea kama ambavyo angecheza yeye mwenyewe, hakubakiza kitu, kisha akaenda kusimama pale anitazame nikikitumia kicheko chake.

Nilimwambia Dada Upendo palepale kwamba kicheko ni cha Hamisi. Hamisi akasema wasinisikilize, jua limenipata. Dada Upendo hakujua amwamini nani, akatupa soda wote wawili.

Ilipoonyeshwa kwenye televisheni, Mama Naomi alikuwa amesharudi. Sebule ilijaa majirani, Yoeli yumo, naye akasema anayatambua maneno ila hatambui sauti. Tukafika kwenye mstari wa mlango. Mama Naomi akaacha kugawa chai.

“Huyo aliyekusomea hapo ni nani?”

“Hamisi.”

Akaangalia mpaka mwisho. “Hana haraka,” akasema, na kwa Mama Naomi hiyo ni sifa kubwa. Wiki mbili hakunisomea kitu. Alisema nimpigie Hamisi. Zikaisha, akaendelea kunisomea, na nikaona anaurusha ungo polepole kuliko zamani.

Basi vijana, jibu langu ndilo hilo. Tafuta mtu akusomee, na mikono yake iwe na kazi. Asisimame. Usimchague kwa sababu anakupenda tu, Yoeli alinipenda. Kuhusu alichofanya Hamisi, siwaambii mfanye kama yeye, maana sijui kama mimi ningeweza. Nimejiuliza mara nyingi: ningekuwa mimi ndiye mwenye karatasi na mwenye baiskeli, na yeye ndiye anayeomba, ningeusomaje ule mstari wa mlango? Napenda kusema ningeusoma vizuri. Sina ushahidi.

Nimeandika haya tangu asubuhi. Mchana Hamisi amefika kwa basi kutoka Singida kutusalimia, amezeeka kidogo, sauti bado. Nimempa karatasi hizi azipitie aone kama nimemtendea haki. Akazisoma kwa sauti jikoni, huku ananyonyoa jogoo aliyemchinja mwenyewe, Mama Naomi anachambua mlenda. Kwenye ndevu alicheka. Kwenye vitunguu akasoma polepole. Alipofika pale nilipoandika kwamba hakubakiza kitu, akaacha kusoma.

“Hapa umeongopa, Mnyiramba.”

“Wapi?”

“Kicheko nilikupa. Lakini kwenye mstari wa mwisho kuna kitu nilikiona, hicho nilikibakiza.”

“Kitu gani?”

“Sikwambii. Bado naweza kupewa baba.”

Nimembembeleza mpaka jioni, amekataa. Sijui kama ni kweli au ni utani wake. Nimeacha nilichoandika kama kilivyo, na lake nimeliongeza hapa ili mwamue wenyewe.

Jioni tumekula ugali wa uwele, mlenda wa karanga, na jogoo. Firigisi, ambayo katika nyumba hii ni ya baba, Mama Naomi ameiweka kwenye sahani ya Hamisi bila kusema neno. Mimi nimekula shingo.